Vigingi Sita vya Mbwemkuru

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nasema hivyo bila kutania, na anayenifahamu atakuambia ndivyo nilivyo. Nimeona bei ya korosho ikipanda asubuhi na kuanguka kabla sijamaliza chai. Nimeona mtu akilia ghalani kwa furaha, na msimu uliofuata, mlango uleule, akilia kwa sababu nyingine. Niliingia Nachingwea na suruali moja na ndala zisizofanana, nikabeba magunia ya watu mgongoni miaka sita, halafu nikaanza kununua kidogokidogo, ufuta, mbaazi, choroko, mpaka nikawa na Fuso yangu, nyumba mbili za bati na mashine ya kukoboa. Shule niliishia darasa la tano. Baadhi ya walionipita darasani nimewahi kuwalipa mshahara.

Gunia nikilipiga teke moja najua ni kilo ngapi. Nikikosea, nimekosea kilo moja. Watu wa Chiola walikuwa wakishindana na mimi kwa soda, na soda zote nimekunywa mimi.

Ninayo mazoea mawili ya kazi ambayo lazima niyaeleze, maana bila hayo hamtaelewa yaliyonikuta. La kwanza ni kimstari. Zamani, mtu mmoja alichukua stakabadhi yangu ya kilo 85 akachomeka moja mbele, zikawa 185, na mimi ndiye niliyetakiwa kuzijibu kilo mia ambazo hazikuwahi kuzaliwa. Tangu siku ile, kila namba ninayoandika naitangulizia kimstari kifupi, ili mwizi asipate nafasi ya kuchomeka kitu. Wote tunaofanya biashara ya mazao huku tunafanya hivyo. Ukiona kimstari mbele ya namba ujue mwenye namba ni mtu makini. La pili ni la mizani. Kitu kilichopo sawasawa kwa kila mzigo unakitoa, hakina kazi. Magunia matupu yana uzito, lakini kwa kuwa kila mzigo una gunia lake, unayatoa yote, unabaki na korosho. Kwa mazoea hayo mawili nimeishi vizuri na sikuwahi kuibiwa tena.

Sasa nije kwa mama.

Mama yangu anakaa Mbwemkuru, upande wa Ruangwa, kwenye nyumba aliyojengewa na marehemu baba. Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi dukani, mambo yake mengine yote ni Kimwera. Maji alikuwa akiyafuata mtoni, kwenye vishimo vya mchangani, maana kiangazi mto wetu ni mchanga mtupu na maji unayachimba kwa kata. Mwaka juzi akirudi na ndoo kichwani aliteleza, akavunjika nyonga. Alilazwa hospitali ya misheni muda mrefu, akatoka na mkongojo, na daktari akasema ndoo kichwani basi. Mjukuu aliyekuwa akimtekea akaolewa huko Mtua. Majirani wakawa wanamletea, leo huyu, kesho yule, na mama ni mtu wa kuona aibu. Akawa anakunywa kidogo ili asiwasumbue watu. Akiletewa ndoo, inakaa siku mbili.

Ndugu zangu tulipokutana walisema jambo moja: mama ahamie kwangu Nachingwea, bomba lipo uani. Tulipomwambia alimsikiliza kila mtu mpaka mwisho, halafu akanigeukia mimi. Mimi huniita baba, kwa kuwa nina jina la baba yake.

"Baba," akasema, "ukinitoa hapa umenizika. Ila mtakuwa mnanipa chakula."

Nilisimama nikasema mbele ya watu wote kwamba kabla msimu wa korosho haujafunguliwa maji yatakuwa mlangoni kwake, maji ya kuchimba, ya pampu, siyo ya kata. Mama akanitazama.

"Na yasipokuwepo?"

"Yatakuwepo."

"Yasipokuwepo nitafunga mzigo wangu niende huko kwako. Sitaki kuwasumbua watu tena."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Maji yakipatikana anabaki kwake. Yasipopatikana anahama.

Nikaleta mpimaji, kijana aliyesoma, mwenye waya nyingi na kisanduku chenye kioo. Alizunguka uwanja mzima na shamba la nyuma, akachomeka vyuma ardhini, akapigilia vigingi sita na kuviandika namba kwa rangi nyekundu. Kijiji chote kilikuja kutazama. Alipomaliza akanipa karatasi.

"Mzee," akasema, "mashine inapima umeme wa ardhini. Kila kigingi kina namba yake. Kanuni ni fupi tu: panapokuwa na namba ndogo kuliko zote ndipo mwamba umepasuka na maji yanapita. Kwa hiyo zinapangwa kutoka ndogo kwenda kubwa, unaanza kuchimba kwenye ndogo. Nipe nusu saa nikae hapo kwenye benchi nikupangie."

"Unipangie mimi namba?"

"Zimeandikwa kitaalamu kidogo, mzee wangu."

"Kijana, kwa msimu mmoja napanga tani mia tatu za korosho, za watu wenye meno. Namba sita zinishinde?"

Watu wakacheka. Hata yeye alicheka, akaanza kukunja waya zake.

"Haya bosi. Ikikwama nipigie simu."

Nilimpa mkono, nikamwongezea na hela ya soda. Nusu saa. Alikuwa anaomba nusu saa.

Karatasi ninayo mpaka leo. Ilikuwa hivi:

Kigingi 1: 1.9 × 10⁻²
Kigingi 2: -8.7 × 10⁻⁴
Kigingi 3: 6.4 × 10⁻³
Kigingi 4: -4.1 × 10⁻²
Kigingi 5: 3.3 × 10⁻⁴
Kigingi 6: -9.5 × 10⁻³

Nilikaa barazani kwa mama baada ya swala ya alasiri, nikavaa miwani. Kitu cha kwanza nilichokiona ni vile vimstari mbele ya namba tatu. Nikampenda yule kijana. Nikasema huyu amefundishwa, anajua kulinda namba, ingawa ni mvivu kidogo maana nyingine tatu ameziacha wazi. Kitu cha pili nilichokiona ni kumi. Kila namba ilikuwa na kumi yake, kila kumi imebeba tarakimu ndogo mabegani. Nikasema hilo ni gunia tupu. Kama kumi ipo kwa wote haimbagui mtu. Vile vidogo vya juu nilidhani ni alama za mashine tu, kama namba za kiwandani zinazopigwa chapa kwenye mifuko. Nikachukua kalamu nikazifuta kumi zote sita.

Zikabaki 1.9, na 8.7, na 6.4, na 4.1, na 3.3, na 9.5. Mtoto wa darasa la pili angezipanga. Ndogo kuliko zote ni 1.9. Kigingi cha kwanza.

Na kigingi cha kwanza kilikuwa wapi? Hatua ishirini kutoka mlango wa jiko la mama. Nikaona hata Mungu anakubaliana na hesabu yangu. Nilimwita mama nikamwonyesha.

"Maji yapo hapa," nikamwambia.

"Karatasi ndiyo imesema?"

"Karatasi imesema, na mimi nimeisoma."

Akagonga ardhi kwa mkongojo mara mbili, kama mtu anayebisha hodi.

Mtambo wa kuchimbia ulikuja juma lililofuata. Fundi wake mkuu alikuwa mtu mnene wa Masasi, mcheshi, anacheka kwanza ndipo anasema. Tulikubaliana shilingi elfu tisini kwa mita.

"Maji au vumbi, bosi, mita ni mita," akasema. "Tusije tukagombana baadaye."

"Hatutagombana. Nimeshapanga kila kitu."

Mama aliwekewa kiti kivulini. Miguuni pake alikuwa na ndoo mpya ya plastiki, ya bluu, ambayo sikujua ameinunua lini. Kompresa ikaunguruma, chuma kikaingia, vumbi likaanza kutoka. Jekundu kwanza. Halafu la kijivu. Halafu jeupe kama unga wa muhogo, likatua kwenye paa la jiko, kwenye mikorosho, kwenye khanga ya mama. Mita thelathini. Mita arobaini. Nilikuwa nimesimama mikono kiunoni, na kila baada ya muda fundi ananitazama. Mita sitini.

"Bosi, tuendelee au tuchomoe?"

"Endelea."

Mita sabini. Mtu anayenunua mazao ana maneno yake: akipunjwa anagomba, mzani ukidanganya anaupiga ngumi, mpinzani akipandisha bei anapandisha zaidi. Hapa sikuwa na wa kumgombeza. Utaliambia vumbi nini? Watu walioleta ndoo wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kwa adabu, wakisingizia kuku na watoto. Mita themanini nikainua mkono, mtambo ukazima. Masikio yalikuwa yanalia. Mama alikuwa bado kwenye kiti, mweupe mwili mzima, nyusi nazo nyeupe.

"Baba," akauliza, "hayo ndiyo maji?"

Hakuwa anacheza. Alikuwa anauliza kweli.

Fundi akaniomba karatasi. Akaishika mbali na macho, akaigeuza.

"Wewe ndiye uliyezikata hizi kumi?"

"Ndiyo. Za wote zile."

"Na hiki kimstari unakijua?"

"Ni cha ulinzi."

"Ulinzi wa nini?"

Nikamweleza, mtu asichomeke moja mbele. Alicheka mpaka akavua kofia. Vijana wake wakacheka bila kujua wanacheka nini.

"Bosi, mashine haina mwizi. Hiyo ni hasi."

"Hasi?"

"Chini ya sifuri. Sifuri siyo mwisho, unashuka tena. Kama deni. Hii 8.7, hii 4.1, hii 9.5, zote ziko chini. Wewe umechimba kwenye namba iliyo juu ya sifuri wakati za chini zipo tatu."

Nilihisi joto masikioni, lakini deni nalijua. Hakuna anayenishinda kwa deni. Nikamwambia hapohapo: mwenye deni la 9.5 yuko chini kuliko mwenye deni la 4.1, si ndiyo? Anayedaiwa zaidi ndiye aliye chini zaidi. Kwa hiyo ndogo kuliko zote ni 9.5 yenye kimstari. Kigingi cha sita.

"Hapo umesema," fundi akaniunga mkono. "Ila hizi kumi zenye vidole juu mimi sizijui. Niliacha shule mapema kama wewe."

"Hizo gunia tupu."

"Ngoja umpigie mpimaji."

Nikapiga. Hapatikani. Nikapiga tena baada ya chakula. Hapatikani. Nilikuja kusikia alikuwa porini kwenye kazi nyingine, mahali pasipo na mtandao. Ningeweza kungoja. Lakini mtambo ukilala bila kazi unataka kwenda kwa mteja mwingine, na kuurudisha ni gharama ya kuuleta upya. Halafu mama alikuwa anajipangusa vumbi usoni kwa upindo wa khanga, na mimi nilitaka sana asimalize kujipangusa kabla sijasema neno la matumaini.

"Kesho kigingi cha sita," nikasema.

Kesho yake kwenye mita thelathini na nane vumbi likageuka tope. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilipiga magoti nikalishika lile tope, baridi, la kijivu, linanata, na nikajua nimeshinda. Nikasema kwa sauti kila mtu anisikie, "Darasa la tano hilo." Fundi hakucheka. Akaendelea kutazama bomba. Kwenye mita hamsini tope likakauka, vumbi likarudi, jeupe kama la jana. Tulifika mita sitini na tano. Niliendelea kumwambia ashuke siyo kwa sababu nilikuwa na hesabu yoyote kichwani. Nilikuwa sijui namna ya kusema basi.

Mtambo ukaondoka kwenda kwa mteja upande wa Ruangwa mjini. Majuma mawili baadaye msimu ukafunguliwa, magari ya korosho yakaanza kupita barabarani, na mama alisikia magari hayo kama nilivyoyasikia mimi. Nilipofika kumsalimia nilimkuta ameketi barazani. Mzigo umefungwa. Mkeka, sufuria mbili, msahafu wa baba, na ile ndoo ya bluu.

"Mama, subiri kidogo."

"Tulisema msimu."

Nikampandisha mbele kwenye Fuso. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Mimi ninayejua uzito wa kila kitu, mama yangu nilimkosea kilo nyingi.

Nachingwea nilimpa chumba chenye dirisha na kitanda cha futi tano. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililoniumiza. Maji ya bomba alisema yananuka dawa, lakini alikunywa. Chakula alikula robo. Kila asubuhi alikuwa akikunja mkeka wake, anaufunga kwa kamba pamoja na vitu vyake, anaketi pembeni ya mzigo kama msafiri aliye stendi. Mke wangu akimwambia, "Mama, fungua basi mzigo, upo nyumbani," alikuwa akijibu, "Ndiyo mwanangu," na mzigo hafungui. Mimi nikiingia anauliza jambo moja.

"Mtambo umerudi?"

"Bado, mama."

"Haya."

Hata angefoka ningepata nafuu. Nilikuwa naondoka kwenda ghalani, nanunua, nauza, napiga teke magunia, na kila gunia nililokuwa nalipiga teke nilikuwa nakosea.

Siku moja nilipeleka mzigo Ruangwa. Nikiwa narudi nikapita shule ya sekondari, nikasimamisha gari bila kupanga. Nilimwomba mlinzi anionyeshe mwalimu wa hesabu. Alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mwembamba, ana chaki mpaka kwenye viwiko. Wanafunzi walikuwa wametoka. Nikamwambia nina mpwa wangu kidato cha pili, ameshindwa swali, nimekuja kumwombea msaada. Nikampa karatasi.

Aliisoma. Akaitazama ile mistari niliyofutia kumi. Akaona na doa la tope.

"Mpwa wako anaandika kigingi?"

Nikajipangusa vumbi la suruali.

"Kaa, baba."

Dawati lilikuwa la watoto, magoti yangu hayakuingia chini, nikakaa upande kama mwanamke aliyepakizwa kwenye baiskeli. Akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia. Nilimweleza na mengine, mama, nyonga, mashimo mawili. Sikuwahi kumweleza mtu mwingine nje ya ukoo wetu.

"Sawa," akasema. "Tuache vigingi, tuseme magunia. Gunia la kwenu kilo mia?"

"Kilo mia."

"Hii kumi yenye mbili juu, na kimstari kabla ya mbili, maana yake unagawa kwa mia. Yenye tatu unagawa kwa elfu. Yenye nne, kwa elfu kumi. Sasa nina magunia manne na sehemu moja ya kumi, nagawia watu mia. Kila mtu anapata ngapi?"

"Kilo nne na gramu mia," nikasema kabla hajafunga mdomo.

"Unaona. Magunia tisa na nusu, watu elfu?"

"Haifiki kilo. Gramu mia tisa na hamsini."

"Magunia nane na sehemu saba, watu elfu kumi?"

"Gramu themanini na saba. Hiyo ni konzi ya mtoto."

"Sasa hao wote watatu wana kimstari mbele, kwa hiyo hawapati, wanadaiwa. Nani anadaiwa zaidi?"

Nilikuwa nimeshaona. Kilo nne na gramu mia. Namba nne. Ile niliyoiona ndogo ya katikati, isiyo na sifa, niliipita mara mbili bila kuitazama.

"Umezitupa kumi," alisema, na hakusema kwa kunisuta. "Ulidhani ni uzito wa gunia tupu. Lakini zile hazifanani, mzee wangu. Ukitazama kumi tu utaona zinafanana. Vile vidogo vya juu ndivyo vinavyosema watu wangapi wamesimama kwenye foleni."

Akaniandikia upya ubaoni, kutoka chini kwenda juu, na mimi nikanakili: kigingi cha nne, cha sita, cha pili, hapo sifuri, halafu cha tano, cha tatu, cha kwanza. Wenye kimstari, alisema, hesabu inageuka: aliye mkubwa kwa kilo ndiye wa chini kabisa. Wasio na kimstari, mkubwa kwa kilo ndiye wa juu. Kisha akagonga kigingi cha kwanza kwa chaki.

"Angalau hapa hukuchimba. Hiki ndicho kibaya kuliko vyote."

"Hicho ndicho nilichoanza nacho," nikasema.

Alishusha chaki. Nje wanafunzi walikuwa wanacheza netiboli na mmoja alikuwa akiwatukana wenzake kwa sauti ya mtangazaji wa mpira redioni. Nilitoa noti nikamwekea mezani, akazirudisha. Nilimpa mfuko wa korosho za kukaanga uliokuwa kwenye gari, hizo akachukua.

Jibu nilikuwa nalo sasa, lakini hela sikuwa nayo. Ile ya mashimo ilikuwa ndiyo mtaji wa msimu, na kilichobaki kilikuwa kimefungwa kwenye mzigo ambao haujalipwa. Nilijaribu kukopa kwa wenzangu. Kila mmoja alikuwa anasema, "Wewe? Wewe ndiye wa kukopa?" wakidhani nawatania, kwa jinsi nilivyowazoesha. Mtu aliyejisifu miaka ishirini haaminiki akisema hana.

Niliuza Fuso. Msimu umefunguliwa, kila mtu anatafuta gari, na mimi nauza langu. Aliyelinunua ni mfanyabiashara wa Mtua ambaye nilikuwa namcheka kwa kubeba mazao kwenye trekta. Alijua nina haraka. Alilizunguka mara tatu, akapiga teke tairi, akataja bei ya mtu aliyepiga teke tairi. Nilikubali. Alipoliwasha likaunguruma kwake vilevile kama lilivyokuwa likiunguruma kwangu.

Fundi wa Masasi alirudi. Safari hii hakuna aliyeleta ndoo. Alikuwepo yeye na watu wake, mimi, na jirani mmoja aliyekuja kwa kunihurumia. Kigingi cha nne kilikuwa katikati ya kijia cha kwenda shambani, kimeinama, mbuzi alikuwa amekikwaruza rangi. Nilikuwa na uhakika na hesabu kuliko jambo lolote maishani. Mashimo mawili ya kwanza niliyasimamia bila kujua kitu. Hili nililolijua sikuweza kulitazama. Nikaenda kuketi nyuma ya nyumba, nimeupa mtambo mgongo, nikawa nahesabu bomba kwa kusikia zinavyogongana zinapofungwa.

Kwenye bomba la kumi na tano sauti ilibadilika. Ikawa nzito, kama mtu anayeongea huku anakunywa. Fundi akaniita mara mbili. Sikwenda. Akaja mwenyewe, amelowa mpaka kifuani, akaketi karibu yangu. Kwa mara ya kwanza hakuanza na kucheka.

"Bosi, maji," akasema. "Mita arobaini na nne. Nashuka mpaka hamsini na mbili ili kiangazi yasikukimbie."

"Shuka," nikasema.

Pampu ilipokwisha kufungwa nilimfuata mama kwa gari la kukodi. Sikumwambia kitu njiani, nilitaka aone. Mzigo wake haukuhitaji kufungwa. Jirani akapampu, maji yakatoka, mama akayakinga kwa kiganja akaonja, akakaa nayo mdomoni, akayameza.

"Yana chumvi kidogo," akasema kwa Kimwera. Halafu akaniuliza kama naweza kumshushia mkeka wake, au nina haraka ya kurudi mjini.

Nikamshushia. Alifungua kamba mwenyewe, kwa meno, akautandika barazani.

Msimu huo nilisafirisha kwa magari ya watu. Nilikuwa nasimama pembeni ya barabara na magunia yangu nikisubiri mwenye gari aamue, na mara mbili aliyenipita bila kusimama alikuwa kwenye Fuso ninayoijua mpaka mlio wa gia. Watu wakiniuliza kisima cha mama kilinigharimu kiasi gani nilikuwa nawaambia haikufika milioni kumi. Haikuwa uongo mtupu. Ningeanza na kigingi cha nne isingefika. Nimetaja kila nilichojenga na kila nilichokuwa nacho, basi nitaje na hili kama lilivyo. Kwa mashimo yote matatu, kuleta mtambo mara mbili, mpimaji, mabomba na pampu, mama yangu kubaki nyumbani kwake kulinigharimu shilingi milioni ishirini na nne, laki mbili na elfu thelathini.